Udi wa Alhamisi Ile

Shangazi yangu mpenzi,

Nakushika miguu, ingawa marahaba yako siisikii tena. Arubaini yako imesomwa wiki iliyopita. Watu wamekuja, wamekusomea, wamekula pilau, wamekunja mikeka na kwenda zao. Kila aliyekutaja alitaja ukarimu wako, kisha akanigeukia mimi na kunipa pole kama mtoto aliyefiwa na mamake mzazi. Nilizipokea pole zote kwa mikono miwili na kila moja ilinichoma. Laiti wangalijua.

Barua hii naiandika wazi, aisome atakaye. Najua ungeniambia ya nyumbani yabaki nyumbani. Lakini heshima yako niliivunja mbele ya watu kumi na wawili, kwa sauti ya kusikika, na sioni haki ya kuja kaburini kukuomba radhi kwa kunong'ona. Nikifanya hivyo nitakuwa nimejificha tena, na kujificha nimechoka nako.

Nililetwa kwako nikiwa na miaka saba, mama yangu amefariki na baba, kaka yako, yuko melini hana siku ya kurudi. Nyumba yako ya Mji wa Kale ilikuwa na giza kidogo ukitoka juani, nami niliogopa kuingia. Ulinivua nguo niliyotoka nayo msibani, ukaniosha, ukanisimamisha juu ya chetezo chako cha udongo, kaa limewaka na udi umetiwa, ukanitandia leso toka mabegani mpaka chini. Moshi ukapanda ndani ya leso ukaniwasha macho. Nililia, nikidhani naunguzwa. Ulinicheka.

"Wacha kulia," ukaniambia. "Mtu akitiwa udi ndiyo ametiwa nyumbani."

Neno lile nililiamini utoto wangu wote. Nilikwenda shule kule Tononoka nikinukia, wenzangu wakinicheka, "Bibi harusi huyo kaja!", nami nikirudi nyumbani kukushitakia, nawe hukujali, Alhamisi ikifika ulinitia tena. Udi wako ulikuwa ukiupika mwenyewe, kwa sukari na mawaridi na miski, na kipimo hukumwambia mtu. Harusi gani mtaani ilipita wewe hukuitwa kumfukiza bibi harusi? Hata waliokuwa wamekununia walipeleka mtu kukuita, wakanuna tena harusi ikiisha.

Kisha nikapata kazi kwenye kampuni ya matembezi, katikati ya miaka hii ya tisini, kwa sababu nilikuwa nimejifunza Kijerumani darasa la jioni. Kazi yenyewe ilikuwa kuwatembeza na kuwatuliza wale wageni wanaolipia kila kitu kwao kabla hawajapanda ndege: kiti, chumba, chakula, hata kutembezwa. Mtu aliyelipia kila kitu, Shangazi, huja akidhani kila kitu ameshakinunua. Nilikuwa nikikuhadithia malalamiko yao tukila. Yule bwana aliyetaka kujua kwa nini bahari inaondoka asubuhi na kumwachia mawe. Yule mama aliyewashitaki kunguru. Yule aliyesema wahudumu wanamuuliza habari za asubuhi, habari za kulala, habari za watoto, huku chai yake inapoa. Ulicheka mpaka ukajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, halafu ukawaonea imani.

"Maskini," ukasema. "Wako mbali na kwao. Mtu akiwa mbali na kwao kila kitu humuudhi."

Ulikuwa hujafika popote zaidi ya Lamu, na uliwaelewa kuliko mimi niliyekuwa na cheti.

Jambo ambalo sikukuhadithia ni fomu. Bi Margit, msimamizi wetu aliyeletwa na kampuni kutoka kwao, alitufundisha kwamba mgeni habishiwi. Unasikiliza, unaomba radhi, unaandika. Fomu ya malalamiko ilikuwa na mafungu matatu: mgeni amesema nini, chanzo ni nini, na tumefanya nini. Lile fungu la chanzo ndilo lililokuwa na miiba. Huwezi kuandika kwamba mgeni hakuelewa. Huwezi kuishitaki bahari. Ilikuwa lazima aandikwe mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mpishi, au mfagiaji, au dereva, yaani yule asiyeweza kuisoma fomu yenyewe. Mimi niliijua kazi ile barabara. Nilisifiwa hata mwandiko.

Ni mimi, wala si mwingine, niliyetoa shauri kwamba matembezi ya Mji wa Kale yasiishie kwenye ngome na maduka ya vinyago, bali wageni waingie nyumba ya watu. Na nyumba niliyoitaja ilikuwa yako. Nilikuja kukuuliza nikiwa na wasiwasi utakataa.

"Wangapi?" ukauliza.

"Kumi, pengine kumi na wawili. Kila Alhamisi alasiri."

"Watakula nini?"

"Kahawa tu yatosha, Shangazi."

"Kahawa tu!" Ulinitazama kama niliyekutukana. "Waje nyumbani mwangu wanywe kahawa tu, kisha wakahadithie kwao?"

Ndipo mahamri yakaanza, na halwa, na kashata, na sahani zako za harusi ukazishusha kabatini. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, na kwa kweli ulipona. Miaka ile ulikuwa umebaki peke yako, mjane, nami nimehamia Tudor kwenye fleti, nikija kwako mara mojamoja. Alhamisi zile zilikurudishia sauti. Niliwakuta majirani wakikutania kwamba sasa wewe ni balozi.

Wageni walivua viatu mlangoni, wakaketi mkekani na kwenye viti, wakanywa, wakala. Kahawa ikimalizika ulifanya kama ulivyowafanyia wageni wako siku zote: wanaume ukawanyunyizia marashi viganjani kwa mrashi wako wa fedha, kisha ukaenda kwa wanawake na chetezo, mmoja mmoja, ukiwafukiza mtandio, nywele, na upindo wa nguo. Nami, kabla hujakiinua kile chetezo, nilisimama katikati ya chumba nikawaeleza kwa lugha yao. Niliwaambia kwamba hii ni heshima ya mwisho anayopewa mgeni. Kwamba bibi harusi hufanyiwa hivi, na nguo za sala, na mtoto akiletwa nyumbani. Kwamba mwenye nyumba anataka harufu ya nyumba yake waende nayo. Kazi yangu yote chumbani mle ilikuwa maneno yale ya nusu dakika. Bila maneno yale, mtu wa mbali angeona nini? Angeona bibi asiyemjua anamletea moto chini ya nguo.

Sasa ile Alhamisi.

Jua lilikuwa la Kaskazi, kali. Ndani ya basi alikuwamo mama mmoja mnene, mpole, uso umeiva, jina lake Bi Hilda, na mumewe. Tulipokuwa tukivuka daraja la Nyali aliniinamia sikioni akaniuliza kama kuna mahali anaweza kunawa kabla hajaingia nyumba ya watu. Alisema joto hili linamtoa jasho sana naye anaona haya. Nilimwambia asijali, mwenyeji wetu ni mtu mwema. Nakuandikia jambo hili ili ujue kwamba nililijua. Sina hata kisingizio cha kutojua.

Siku hiyo Bi Margit alifuatana nasi kutazama kazi. Mezani pa hoteli walikofikia wageni wetu, pale ukumbini wanapoingilia, palikuwa panatafutwa mtu wa kukaa moja kwa moja kuwapokea na kusikiliza malalamiko yao, na sote tuliitaka nafasi ile. Mlipokuwa mkinywa kahawa alitoka barazani kuvuta sigara, akaniita kwa kidole. "Njoo kidogo, nataka tuzungumze juu ya ile nafasi."

Nikatoka. Nilikutazama kidogo, nikaona vikombe bado viko mikononi mwa watu, nikajiambia muda upo. Kumbe nilikuwa nimeshasahau ulivyo: kahawa ikimalizika, udi wako hauchelewi.

Kule barazani nilikuwa katikati ya kusifiwa niliposikia ukelele.

Nilipoingia, Bi Hilda alikuwa amesimama, ameikusanya nguo yake magotini, analia kama mtoto. Ulikuwa umeanza naye. Bila shaka ulianza naye, kwa sababu alikuwa mtu mzima kuliko wote na ulikuwa umemketisha pahala pa heshima. Uliinua upindo wa gauni lake ukaingiza chetezo, kama ulivyowafanyia mabibi harusi wote wa mtaa ule. Mumewe alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Mke wangu ananuka?" alikuwa akisema. "Tumekuja mpaka huku kuambiwa tunanuka?"

Nawe umesimama na chetezo mkononi, tabasamu bado halijakutoka usoni, umenigeukia mimi kunitazama. Ulikuwa ukiningojea. Uliamini kwamba Zuhura wako ameingia na sasa atasema nusu dakika yake, na kila kitu kitakaa sawa.

Bi Margit aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza, kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Hii ni desturi ya hapa?"

Swali rahisi, Shangazi. Jibu lake nilikuwa nalo tangu nina miaka saba. Ningesema ndiyo, ni desturi, na kosa ni langu kwa kuwa nilitoka nje kabla ya kuwaeleza. Bi Hilda angejifuta machozi. Pengine angecheka. Lakini fungu la chanzo lilikuja mbele ya macho yangu, nikaliona jina langu limeandikwa pale, na ile meza ya ukumbini ikiondoka.

"La," nikasema. "Ni mambo yake mwenyewe. Nimeshamkataza mara nyingi. Ni mzee, hasikii."

Ndivyo nilivyosema. Nimeyaandika maneno yenyewe, sikuyapunguza.

Wewe Kijerumani hukujua, ukanivuta mkono. "Ana nini mgeni wangu?"

"Kichwa, Shangazi," nikakujibu. "Jua limempiga kichwa."

Uwongo wa kwanza ulihitaji wa pili, na wa pili nao ulikuwa na kazi yake. Kwa maana wewe, kusikia mgeni anaumwa kichwa, uliweka chetezo chini ukakimbilia jikoni. Ukarudi na kibakuli cha marashi uliyoyakamulia ndimu, ukachovya kitambaa, ukamwendea kumkanda kipaji cha uso. "Pole, mama, pole. Kitwa hicho, kitapowa sasa hivi."

Naye, ambaye alikuwa ametoka tu kufukizwa, akaona sasa unataka kumwosha. Akakusukuma mkono. Kibakuli kikaanguka, marashi yakamwagika mkekani. Nilisimama pale nikiyatazama maji yale yakienea, na sikusema neno, si kwa Kijerumani wala kwa Kiswahili. Wakatoka, viatu wakavivalia njiani.

Ulinifuata mpaka mlangoni. Hukuwa umekasirika hata kidogo.

"Mwambie asioge maji baridi yeo," ukaniagiza. "Kitwa cha jua hakitaki maji baridi."

Jioni ile nikajaza fomu. Kwenye chanzo niliandika kwamba mwenye nyumba hakufuata maagizo. Kwenye tumefanya nini niliandika kwamba nyumba imeondolewa kwenye matembezi. Kikulacho ki nguoni mwako, Shangazi, nami nilikuwa kwenye upindo wa leso yako toka utotoni. Bi Margit akasoma, akatia sahihi, na mwezi haukwisha nikapewa ile meza, na sare, na kibandiko cha jina kifuani. Nilikuja kukuonyesha. Ulikigusa kile kibandiko kwa kidole, ukaniombea dua ndefu, mikono umeiinua, nami nikaitikia amina kwa cheo nilichokipata kwa kukuuza wewe.

Lakini nimeruka kitu, nacho ni kigumu kuliko fomu.

Siku ya pili yake, Ijumaa, nilikuja kula kwako. Hukuniuliza kuhusu kazi. Uliniuliza, "Kimepowa kitwa chake?"

"Kimepoa, Shangazi."

Ukachambua mwiba wa samaki unitilie mimi nyama. Kisha ukasema, "Ni udi wangu ule. Naona niliuzidisha miski."

Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Neno moja tu lingetosha, hata kama nisingesema yote: si udi. Nikasema, "Labda ni jua."

Labda! Neno lile ndilo ninalolichukia kuliko yote. Lilikuacha na shaka, na shaka ilikula kitu ndani yako ambacho hata ujane haukukila.

Alhamisi iliyofuata sikuwa nimekwambia kwamba nyumba imeondolewa. Nilikuwa nikitafuta namna ya kusema mpaka siku ikafika. Niliwaongoza wageni wapya kutoka ngomeni, tukapita kichochoro cha nyuma ili tusipite mlangoni pako, tukaelekea duka la vinyago. Na udi wako ulikuwa umeshawashwa. Ulikuwa umeutia mdogo, nadhani kwa kuogopa kuwaumiza watu, lakini ulitufikia vilevile. Msichana mmoja kati ya wageni akasimama akafumba macho.

"Harufu nzuri hii ni ya nini?" akaniuliza.

"Jirani anapika," nikasema.

Ulingoja mpaka saa ngapi, Shangazi? Siku ya pili nilikuta mahamri yamegawiwa mtaa mzima. Nilikwambia kwamba watalii wamepungua. Ukaniambia haidhuru, Mungu ataleta wengine. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini yangu ilipata bahati mbaya ya kurefuka: mwaka uliofuata nchi ikachafuka, watalii wakapungua kikweli, hoteli zikafunga vyumba, na uwongo wangu ukapata shahidi. Hukuwa na sababu ya kunishuku tena.

Ila chetezo ukakiweka kando. Sikuelewa mara moja. Nilielewa kwenye harusi ya mtoto wa jirani, walipokuja wanawake watatu kukuita ukamfukize bibi harusi kama kawaida yako.

"Mtafuteni mwengine," ukawaambia. "Udi wangu mimi waumiza watu vitwa."

Walicheka, walidhani unajivuna ubembelezwe. Walikubembeleza kweli. Ukatikisa kichwa, ukaendelea kupanga sahani. Mimi nilikuwa nakoroga sharubati ya ukwaju, wewe uko hatua mbili kutoka kwangu. Nilikoroga, Shangazi. Nilikoroga mpaka mtu akaninyang'anya mwiko. Na tangu siku hiyo harusi za mtaa zikaenda kwa mtu mwingine, nawe ukaanza kualikwa kama mgeni wa kukaa kitini.

Kisha ikaja barua. Niliiletewa mezani pangu, hotelini, ikiwa na picha ndani yake, kutoka kwa Bi Hilda. Picha nilikuletea. Ile uliyoitundika sebuleni, juu ya kabati: wewe umesimama na chetezo mkononi, unatabasamu, umegeuka kumtazama mtu aliye mlangoni. Wageni wako wote walikuuliza unamtazama nani, nawe ukajibu, "Zuhura huyo, ndiye alikuwa aingia." Mwenzake Bi Hilda mmoja aliipiga siku ile, kabla tu sijafungua kinywa. Kila nilipokuja kwako nilikaa chini ya picha ile nikala chakula chako.

Ulipoipokea ulifurahi mno. "Basi hakunikasirikia," ukasema. "Na kitwa, asema kimepowa?"

"Asema kimepoa."

Hakusema hivyo. Barua sikukuonyesha, na sasa nitakwambia iliyosema. Bi Hilda aliandika kwamba alialikwa harusini na majirani zake kule kwao, watu waliohamia kutoka nchi za Kiarabu, na mama wa bwana harusi akaja na chetezo, akampitishia yeye kwanza kabla ya watu wengine wote. Akauliza maana yake, akaambiwa. Akasema alirudi nyumbani akalia mara ya pili, safari hii kwa haya. Aliandika: "Gauni lile lilinukia wiki nzima na sikumwambia mtu kwamba nalipenda. Tafadhali msomee bibi yule barua hii. Mwambie naomba radhi kwa kumsukuma mkono." Na mwisho kabisa akaandika: "Wewe ulisema umemkataza. Nakuomba usimkataze tena."

Kwa ajili ya maneno yale ya mwisho barua ikaingia chini ya nguo zangu, ikakaa. Ningekusomeaje hadi pale? Ungenitazama uniulize, "Ulinikataza lini?" Mtu wa mbali, aliyelipia kila kitu, alikuwa ameona haya na kuomba radhi. Mimi wa nyumbani nilikunja karatasi.

Miaka minne, Shangazi. Kila akitajwa mtalii uliniuliza, "Yule mgeni wangu wa kitwa hajambo?" Hajambo, nilikujibu. Hajambo, akusalimu.

Siku ulipofariki, wanawake walipokuwa wamekwisha kukuosha, mmoja akauliza, "Chetezo cha marehemu kiko wapi? Sanda haijatiwa udi." Wakanitazama mimi, mwana wa nyumba. Nilikikuta juu ya kabati la chumbani, umekifunga kwenye leso. Niliitambua ile leso, ilikuwa kuukuu imechanika upindo, ndiyo uliyonitandia nilipokuwa na miaka saba. Ndani yake palikuwa na kikopo cha udi uliokwisha kuupika, kimejaa, hakijaguswa. Ulikuwa umeupika lini, na kwa ajili ya nani? Ina maana mikono yako ilikuwa bado inaitaka kazi ile.

Niliwasha kaa. Niliutia. Moshi ulipanda kama zamani, na chumba kikawa chumba chako. Nikaipitisha sanda juu ya moshi mara tatu. Kisha niliwatazama mmoja mmoja waliokuwa chumbani mle, madirisha yamefungwa, moshi umejaa. Walikuwa wakivuta pumzi ndefu. Hakuna hata mmoja aliyeshika kichwa.

Sikuonei haya kwa sababu umekufa, nakuonea haya kwa sababu uliishi miaka minne ukijiogopa mkono wako mwenyewe, na dawa yake nilikuwa nayo mfukoni. Bado naikalia ile meza. Wageni ni wachache, malalamiko ni yaleyale. Juzi bwana mmoja amelalamika kwamba mfagiaji amemwamkia mara mbili kwa asubuhi moja. Nilipofika kwenye chanzo kalamu ilisimama. Niliandika jina langu, kwamba sikumweleza mgeni. Ni kitu kidogo mno, nimechelewa nacho, na sikutajii ili unisifu. Bi Hilda nimemwandikia pia, nimemwambia yote, na kwamba bibi hakuisikia barua yake.

Wanawake wa mtaani mtakaoisoma hii mtajua sasa kwa nini mlikosa udi wake harusini. Niwekeni mimi lawamani, msimtaje yeye.

Jana nilikuja nyumbani kwako, nikaketi chini ya ile picha, nikaisoma barua ya Bi Hilda kwa sauti, neno kwa neno, kwa Kiswahili, mpaka mwisho, pamoja na maneno yale niliyoyaogopa. Picha inanitazama mlangoni kama kawaida, inangoja niseme.

Basi nasema. Lala salama, Shangazi, Mungu akulaze pema. Yule mgeni wako hakuumwa na kichwa. Hakuumwa siku ile wala siku yoyote. Udi wako haukumuumiza mtu.

Mwana wa kaka yako, uliyemtia nyumbani,

Zuhura